Rangi ya vichwa vya ndoano iive, na isiivie kwenye sufuria ya familia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo linalowahusu mafundi wa zana za uvuvi hapa Kigoma, wavuvi wa mshipi wanaonunua kazi yetu, na zaidi ya wote watoto wanaolala katika nyumba ambamo kazi hiyo inafanyika. Jambo lenyewe ni rangi tunayopaka kwenye vichwa vya risasi (ile metali laini na nzito, si risasi ya bunduki) vya ndoano, ambavyo vijana wa mialoni wanaviita jigi, na hasa hatua ya mwisho ya kuiivisha rangi hiyo kwa moto, ambayo wengi wetu ama tunairuka, ama tunaifanyia mahali pasipostahili kabisa.

Kwa msomaji aliye mbali na ziwa, kichwa cha jigi ni donge dogo la risasi lililoshikana na shingo ya ndoano karibu na tundu la kufungia mshipi. Uzito wake huizamisha ndoano haraka, na umbo lake huifanya ikae huku ncha ikitazama juu, kwa hiyo hainasi kirahisi kwenye mawe. Nyuma ya kichwa hufungwa manyoya ya kuku, nyuzi za kung'aa au mkia wa mpira laini, na mvuvi anapouvuta na kuulegeza mshipi, kitu kizima hupanda na kushuka majini mithili ya dagaa aliyeumia. Mgebuka, sangala na kuhe, ambao wote hula samaki wadogo, hukifuata na kukimeza. Vichwa vinavyotoka nje ya nchi ni ghali, na ndiyo maana mafundi wa Kibirizi, Katonga na Ujiji tumejifunza kusubu vya kwetu kwa kalibu za alumini, tukinunua ndoano kwa boksi na risasi kwa kilo.

Kazi hiyo naiheshimu, na ni yangu pia. Serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wapate kuzaliana, wengi wetu tulikaa nchi kavu tukishona nyavu na kutengeneza zana, na fundi aliyekuwa na kalibu yake hakukosa shughuli. Uvuvi wa mshipi wenye ndoano humchagua samaki mkubwa na kuwaacha wachanga, tofauti na kokoro linalokomba kila kitu pwani, kwa hiyo anayewatengenezea wavuvi ndoano nzuri anafanya jambo la maana kwa ziwa. Ninachodai ni kwamba kazi hiyo imalizike.

Vichwa vingi vinavyouzwa sasa mialoni na kwenye meza za masoko yetu vinapendeza sana vikiwa juu ya meza. Vyekundu, vya kijani, vyeupe vyenye madoa, vingine vimechorwa hadi macho na magamba. (Macho hayo, kwa maoni yangu, huwanasa wanunuzi zaidi kuliko samaki, lakini biashara ni biashara.) Mvuvi akikishusha kichwa hicho mara chache kwenye fukwe za mawe kaskazini ya Kibirizi, rangi inaanza kumeguka vipande vipande, na kabla mwezi haujaandama tena anavuta risasi tupu ya kijivu. Wanunuzi hulaumu rangi, wauzaji wa rangi hulaumu risasi, na mafundi hulaumu mawe ya ziwa. Rangi nyingi kati ya hizo hazina ubaya wowote, ila hazikupikwa.

Rangi ninayoizungumzia ni rangi ya unga, ile ile inayopakwa kwenye fremu za madirisha ya alumini, mageti na baiskeli. Haina thina wala mafuta ndani yake. Ni chembe kavu za plastiki zilizosagwa pamoja na rangi. Fundi hukipasha kichwa moto, hukichovya katika unga kwa sekunde moja au mbili, na chembe zinazogusa risasi yenye joto huyeyuka na kushika. Akikitoa huona ngozi laini imetanda pande zote, nayo ikipoa inakuwa ngumu hata ukucha hauiingii. Hapo ndipo wengi wanapovifunga kwenye mifuko na kuvipeleka sokoni, kwa sababu machoni mwao kazi imekwisha.

Kilichofanyika hadi hapo ni kuyeyuka na kuganda tu. Ndani ya unga mna kiambato ambacho huhitaji joto la kutosha, kwa muda wa kutosha, ili kiziunganishe chembe za plastiki ziwe mwili mmoja, na muungano huo ukishakamilika rangi haiwezi kuyeyuka tena hata ukiirudisha kwenye moto ule ule. Kabla ya muungano huo, rangi ni kama andazi lililobabuka nje huku ndani likiwa bichi: linang'aa, linashikika, lakini ukiligonga linakuonyesha lilivyo. Kwa unga unaouzwa mahususi kwa zana za uvuvi, joto linalotakiwa ni takriban nyuzijoto 177 kwa dakika 15 hadi 20. Unga wa viwandani, ambao ndio tunaoupata kirahisi kutoka kwa mafundi wa alumini, mara nyingi huhitaji kati ya nyuzijoto 180 na 200, na maelekezo huwa yameandikwa kwenye boksi. Fundi anayenunua unga uliopimwa kwenye mfuko wa nailoni amuulize muuzaji boksi limeandikwa nini, na muuzaji asiyejua basi alionyeshe hilo boksi.

Muda huo, wasomaji wafahamu, huhesabiwa tangu risasi yenyewe ilipopata joto hilo, wala si tangu mlango wa oveni ulipofungwa. Kichwa chepesi cha kuvulia samaki wadogo hupata moto upesi, ilhali kile kizito cha kushukia kwenye maji marefu huchelewa, na ukivichanganya kwenye oveni moja kwa muda mmoja utatoa vyepesi vimeiva na vizito vikiwa vibichi. Mimi huvipika kwa makundi ya uzito unaolingana, na kwa vile vizito huongeza muda. Ukipitiliza kidogo hakuna hasara kubwa, isipokuwa rangi nyeupe, ambayo huanza kuwa ya manjano, na ile inayong'aa gizani, ambayo nayo hupakwa juu ya nyeupe ili mwanga wake uonekane vizuri.

Mnunuzi anaweza kujua kama rangi imeiva. Achukue pamba, ailoweshe asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha inayopatikana katika maduka ya vipodozi, kisha asugue kichwa kwa nguvu kidogo. Pamba ikitoka na rangi nzito, au ngozi ya rangi ikilainika na kunata, kichwa hicho hakikupikwa au kilipikwa nusu. Muuzaji mwaminifu hatakataa kichwa kimoja kijaribiwe kwa mteja anayetaka kununua vingi. Nimeona wauzaji wakikasirika kwa ombi hilo, na hasira yao ilinitosha kuwa jibu.

Lakini ili rangi iive vizuri lazima iwe imeshika vizuri kwanza, na hapa pana makosa madogo madogo yanayogharimu. Risasi iliyotoka kwenye kalibu huwa na kingo kali na mabaki ya kukatwa, pamoja na mafuta ya mikono yetu. Kingo ziondolewe kwa kisu au tupa, na kichwa kifutwe kwa spiriti au thina kabla hakijapashwa moto. Wapo wanaopasha kwa mshumaa. Mshumaa huacha masizi, na rangi haishiki juu ya masizi. Taa ya spiriti au moto wa gesi wa bluu ni safi zaidi, na kichwa kizungushwe juu ya moto, kisiachwe upande mmoja. Unga nao ukikaa kwenye kopo hushikamana, hasa katika miezi yetu ya mvua, kwa hiyo kopo lifungwe vizuri, na kabla ya kuchovya litikiswe au unga uchekechwe ili uwe mwepesi. Wenye pampu ndogo ya hewa, kama zile za matangi ya samaki wa mapambo, hupuliza hewa kutoka chini ya kopo na unga huinuka kama maji yanayochemka, na rangi inayopatikana huwa nyembamba na sawa kote. Kuchovya mara mbili ili rangi iwe nene ni kujidanganya: unene huo ukiingia kwenye oveni hutiririka, hutengeneza tone gumu upande wa chini, na hata mizani ya kichwa hubadilika.

Tundu la ndoano lizibuliwe kwa sindano au waya wakati rangi bado ni laini, kabla ya kupikwa. Anayelisahau atalazimika kulitoboa rangi ikiwa imeiva, na atavunja ukingo wa rangi mahali pale pale ambapo fundo la mshipi linasugua kila siku. Manyoya na mikia ya mpira hufungwa baada ya kichwa kutoka kwenye oveni na kupoa. Hili linaonekana halihitaji kusemwa, lakini nimewahi kusikia harufu ya manyoya ya kuku yakiungua katika karakana ambayo mwenyewe alikuwa na haraka ya kwenda sokoni.

Sasa nije kwenye oveni yenyewe, kwa sababu najua wenzangu watasema kwamba fundi wa Katonga hana oveni ya umeme, na kwamba hata mwenye nayo hujikuta umeme umekatika rangi ikiwa katikati ya moto. Ni kweli. Wengi hutumia njia ambayo mama zetu wanaokea keki: sufuria kubwa, mchanga chini, kiwaya cha kutundikia vichwa, mfuniko, makaa chini na makaa juu. Njia hiyo inaweza kufaa, lakini mkaa hauna kitasa cha kupunguzia joto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, na sufuria iliyopigwa mkaa mwingi hufika huko bila kukupigia hodi. Unafunua na kukuta ndoano zinaning'inia tupu na risasi imelala mchangani. Kabla ya hapo rangi huwa imeshatoa mapovu na kuungua, ikitoa moshi ambao hakuna mtu anayepaswa kuuvuta.

Kipimajoto cha oveni ndicho dawa, na kinauzwa katika maduka ya vyombo vya waokaji. Asiyekuwa nacho atumie waya wa lehemu wa mafundi redio, ule wa zamani wenye mchanganyiko wa bati na risasi. Waya huo huanza kulainika kwenye nyuzijoto 183. Atundike kipande chake kwenye sufuria ambayo bado haina vichwa, afunike, na afunue kutazama baada ya muda. Kipande kikinyong'onyea na kudondoka, joto limezidi kiwango hicho, basi apunguze makaa. Kikibaki kigumu, aongeze makaa machache machache hadi ajue ni kiasi gani cha mkaa kinakifikisha ukingoni mwa kulainika, na kiasi hicho ndicho akitumie kwa unga wa zana za uvuvi. Jihadharini na waya mpya usio na risasi, ambao huyeyuka kwenye joto la juu zaidi, zaidi ya nyuzijoto 217, na utawapa jibu la uongo. Hata oveni za umeme zinafaa kupimwa kwa njia hii, kwani alama zilizoandikwa kwenye kitasa chake mara nyingi hazilingani na joto lililomo ndani.

Sufuria hiyo, Ndugu Mhariri, ndiyo iliyonifanya niandike. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu, sufuria inayopika rangi ya jigi mchana ndiyo inayopika wali jioni, na jiko linaloyeyusha risasi liko hatua chache kutoka mahali mtoto anapotambaa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi inayoingia tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Madhara yake kwenye ubongo wa mtoto, yaani uwezo wa kujifunza, kutulia na kukumbuka, hayarudi nyuma hata damu ikisafishwa baadaye. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Hatari kubwa haitoki kwenye kichwa kizima cha risasi kilichokaa mezani. Inatoka kwenye vumbi la kijivu linaloelea juu ya risasi iliyoyeyuka, lile tunaloliengua kwa kijiko na kulimwaga chini. Inatoka kwenye chenga za tupa, kwenye moshi wa risasi iliyopashwa kupita kiasi, na kwenye mikono isiyooshwa inayoshika tonge. Na wale wavuvi wanaobana chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, kwa meno ili ishike kwenye mshipi, ambao nimewaona tangu utoto wangu, wanajilisha risasi bila kujua. Koleo ndogo ya mkononi hufanya kazi ile ile.

Baadhi ya mafundi hupata risasi kwa kuvunja betri za magari. Hilo liachwe moja kwa moja. Ndani ya betri mna asidi ya salfa, na risasi yake huwa na madini mengine kama antimoni, na mara nyingine aseniki, ambayo ni sumu kivyake. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, wakapata madhara, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya huko iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kile kilikuwa kiwanda, nasi tuna majiko ya mkaa, lakini sumu ni ile ile na uwanja wa nyumba ni mdogo kuliko mtaa. Risasi chakavu za nyavu na mabomba ya zamani zinatosha kazi yetu, mradi ziwe kavu kabisa, kwa sababu tone moja la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa kishindo na kuirusha risasi usoni mwa fundi.

Hapa ndipo rangi na sumu zinapokutana. Ngozi ya rangi iliyoiva sawasawa hukaa kati ya risasi na vidole vya mvuvi, hukaa kati ya risasi na mtoto anayechezea sanduku la zana la baba yake, na huizuia risasi isisuguke ndani ya mashua. Rangi mbichi inayomeguka haifanyi lolote kati ya hayo, na vipande vyake vinabaki mfukoni, kwenye sakafu ya mashua na ziwani. Anayemuuzia mvuvi kichwa ambacho rangi yake haikupikwa amemuuzia risasi tupu kwa bei ya iliyopakwa.

Najua pia msemo wa wazee wa mshipi kwamba samaki haangalii rangi. Wana haki kwa sehemu. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, lakini rangi nyekundu hupotea katika mita chache za kwanza na kuonekana nyeusi, na kadiri unavyoshuka hubaki bluu na kijani, kisha giza. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470 panapozidi, ingawa samaki wanaishi tabaka la juu tu, kwani upande wetu wa kaskazini oksijeni huisha kwenye kina cha mita 100 hivi. Anayevulia mita 60 chini na kichwa chekundu anajipendezesha mwenyewe. Usiku, chini ya taa, ambako migebuka hupanda kufuata dagaa, kichwa cheupe au cha fedha chenye mgongo mweusi kimenitosha siku zote. Kwa hiyo rangi moja, nyembamba, iliyopikwa vizuri inashinda rangi nne zilizopakwa kwa madaha na kuachwa mbichi.

Kwa asiyeweza kabisa kupata moto wa kuaminika, zipo rangi zisizohitaji oveni. Rangi ya mafuta, au hata rangi ya kucha, ikipakwa nyembamba mara mbili au tatu na kuachwa ikauke kila mara, kisha ikafunikwa kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili, hudumu vizuri. Epoksi huchanganywa kwa vipimo sawasawa kama ilivyoandikwa kwenye chombo na kukorogwa hadi michirizi yote ipotee, la sivyo itanata milele. Kichwa kigeuzwegeuzwe inapoanza kuganda, kisha kiachwe kwa siku nzima. Anayeanika rangi nene ya mafuta juani ili awahi soko ajue kwamba jua hukausha juu tu, na chini yake rangi hubaki laini kwa muda mrefu.

Wengine wataniuliza kwa nini tusiachane na risasi. Uingereza ilizuia chubwi nyingi za risasi kwa wavuvi wa ndoano mwaka 1987, baada ya ndege wa majini, hasa mabata-maji, kuzimeza na kufa. Bati linaweza kusubiwa kwenye kalibu zile zile na huyeyuka kwenye nyuzijoto 232, kwa hiyo linavumilia oveni iliyopimwa, ila ni jepesi: kichwa cha bati kina karibu theluthi mbili ya uzito wa kile cha risasi cha umbo hilo hilo, na bei yake ni kubwa. Upo mchanganyiko wa bati na bismuthi unaosifiwa kwa kuyeyuka kirahisi. Ule maarufu zaidi huyeyuka kwenye nyuzijoto 138, na ukiutia kwenye oveni ya rangi ya unga utabaki na ndoano tupu. Huo upakwe epoksi tu. Ningependa siku moja tuhamie kwenye bati, lakini bei ya leo haimruhusu mvuvi wa mtumbwi mmoja, na sitaki kumhubiria jambo ambalo mimi mwenyewe sijaweza kulifanya katika karakana yangu.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa taasisi zilizopo hapa mkoani. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi yake Kigoma, SIDO, shirika la viwanda vidogo, lina ofisi ya mkoa, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo. Oveni moja ya umeme yenye kipimajoto sahihi, iwekwe mahali penye hewa ya kutosha na mbali na makazi, mafundi walipie kwa kundi la vichwa kama tunavyolipia mashine ya kusaga. Fundi atasubu na kuchovya kwake, nje ya nyumba, kisha atavileta vipikwe. Gharama ya mkaa itapungua, na kila kitakachotoka pale kitakuwa kimeiva. Kama jenereta haipo, pangeni siku za kupika na Shirika la Umeme ili tusikatiwe katikati.

La pili ni kwa vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi katika mialo yetu. Nyinyi mnakagua nyavu na kuwafukuza wenye makokoro. Ongezeni siku moja ya kuwaeleza mafundi na wake zao kuhusu sufuria. Mkipita Katonga kwa kazi hiyo, karakana yangu iko wazi, waya wa lehemu upo, na sufuria ya rangi nimeitoboa pembeni ili asitokee mtu wa kuibandikia chai.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa zana za uvuvi,
Katonga, Kigoma.